Kufundisha mamalia kwa mtandao: anza na meno, si picha za simba

Ukitafuta mamalia mtandaoni, utaletewa picha za simba na tembo zisizo na idadi. Zinapendeza, ila mwanafunzi akishazitazama hana kazi nyingine ya kufanya. Tovuti ya kupeleka darasani ni ile inayompa kitu cha kuhesabu, kupima au kubishania.

Kwa maoni yangu, hakuna kinachofaa zaidi ya fuvu. Animal Diversity Web, ya Chuo Kikuu cha Michigan, ina picha za mafuvu ya spishi nyingi yakionekana kutoka juu, chini na ubavuni. DigiMorph, ya Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, inayo yaliyopigwa kwa skana ya CT (mashine ya eksirei inayotoa picha za pande zote), nawe unaweza kuyazungusha kwenye skrini. Tafuta picha safi za fuvu la mbwa na la ng'ombe, taya la chini likiwa limetenganishwa. Wanafunzi wahesabu upande mmoja tu, juu kisha chini, kwa mpangilio huu: kato, chonge, magego ya mbele, magego ya nyuma. Mbwa mzima atawapa 3, 1, 4, 2 juu na 3, 1, 4, 3 chini, yaani 21. Zidisha kwa mbili, meno 42. Ng'ombe ana 0, 0, 3, 3 juu na 3, 1, 3, 3 chini, yaani 16, hivyo jumla ni 32.

Hapo kwa ng'ombe ndipo darasa hukwama. Karibu wote wataandika kato 4 chini, kwa sababu chonge lake limesogea mbele na kuchukua umbo la kato. Usiwasahihishe upesi. Waulize kwanza kwa nini mnyama anayekata majani ahitaji chonge la kuchoma nyama. Kisha wakumbushe kwamba binadamu naye ana meno 32, ilhali chakula chake ni tofauti kabisa: jumla haisemi mengi, mpangilio ndio unaosema. Angalia pia umri wa mnyama. Fuvu la ndama au mtoto wa mbwa lina meno pungufu, na hesabu ikigoma mara nyingi chanzo ni hicho.

Kwa somo la uainishaji, pakua jedwali la Mammal Diversity Database, linalotunzwa na wataalamu wa mamalia wa Marekani. Lina spishi zaidi ya 6,500. Wanafunzi wakizipanga kwa oda, yaani makundi makubwa ya spishi zenye nasaba moja, watagundua kuwa panya na jamaa zao wote wagugunaji ni takriban asilimia 40, popo takriban asilimia 20, na tembo ni spishi 3 tu. Baada ya hapo wape wanyama wenye utata: kakakuona mwenye magamba, nyangumi, na kinyamadege wa Australia anayetaga mayai. Kipimo cha kuwa mamalia ni maziwa, nywele na taya la chini lenye mfupa mmoja kila upande.

Tembo anafaa pia kukagua kama ukurasa umepitwa na wakati. Tangu 2021, Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linalopima hatari ya spishi kutoweka, inawatathmini tembo wa savana na tembo wa msituni wa Afrika kama spishi mbili. Ukurasa unaowapa hadhi moja ya uhifadhi haujafanyiwa marekebisho. Usiutumie kwa takwimu.

Ukitaka kufundisha tabia, chukua picha za mradi wa Snapshot Serengeti, zilizopigwa na kamera za mtego (zinazojipiga zenyewe kitu kikisogea mbele yake) na kuwekwa wazi kwenye LILA BC, hazina ya data ya mtandaoni. Takriban robo tatu ya picha hizo hazina mnyama, ni nyasi zilizotikiswa na upepo tu, kwa hiyo chagua mapema kama 40 zenye wanyama na uache chache tupu kwa makusudi. Wanafunzi wachore grafu ya saa dhidi ya idadi kwa fisi na kwa pundamilia. Saa zimeandikwa kwa mfumo wa saa 24: 14:00 ni saa nane mchana. Tena mchana kamera zilipiga picha tatu mfululizo, na asiyejua atahesabu pundamilia mmoja mara tatu.

Nje ya darasa kuna iNaturalist, tovuti ambako watu huweka picha za viumbe walivyoviona. Mamalia hukimbia au hutoka usiku, kwa hiyo piga picha ya nyayo na kinyesi, rula ikiwa kando. Tovuti inapokea ushahidi huo. Mifugo na wanyama wa kufugwa nyumbani lazima wawekewe alama ya kuwa si wa porini, la sivyo wataingia kwenye data kimakosa. Walio chini ya miaka 13 wasifungue akaunti wenyewe. Watumie Seek, programu ya iNaturalist isiyohitaji kujisajili.