Chupa ya maji na Zaburi ya 56

Wanaonichosha ni wale wanaosema ukiogopa huna imani. Hao Zaburi ya 56 waliipita mbio. Daudi amekamatwa na Wafilisti kule Gathi, na anasema, «Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe.» Hofu yangu, si ya jirani. Anaikiri kwanza, ndipo anatumaini.

Hapa Goma, mashariki ya Congo, mlima wa volkano tunalala nao. Nyiragongo ililipuka Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, kisha ardhi ikatetemeka usiku na mchana, hadi tarehe 27 sehemu ya mji ikaamriwa kuhama. Baada ya kurudi, matetemeko yakapungua nje, ndani ya mwili yakabaki. Kitanda kinatikisika, unaruka na kitenge mkononi, kumbe ni moyo wako unaopiga godoro.

Mama mmoja wa maombi akanipa dawa: funga siku tatu, kesha, pepo la hofu litatoka. Kahawa haihesabiwi, akasema. Basi nikafunga kwa kahawa nyeusi, vikombe vitano au sita kila usiku. Siku ya pili mikono ilitetemeka hata Biblia ikawa inajifungua ukurasa yenyewe, na kikundi kikashangilia kwamba pepo linapambana. Pepo gani! Tumbo likikaa tupu, mwili humwaga homoni zilezile za kukimbia hatari. Kahawa inaongeza mbio za moyo. Kukosa usingizi kunafanya kila kishindo kiwe kikubwa. Nabii Eliya alipoomba kufa chini ya mti wa mretemu, malaika hakumwambia afunge. Alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa ale tena. Nami nilifungua kwa bukari, yaani ugali, na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, nikalala mpaka jua likaingia chumbani.

Sasa chupa ya kujua kama inayotikisika ni ardhi au ni mwili wako; ni akili yangu mwenyewe na ninajivunia. Chukua chupa angavu ya plastiki ya lita moja na nusu, jaza maji nusu tu (ikijaa pomoni hutaona kitu), chora mstari wa kalamu penye maji. Usiiweke mezani wala juu ya mbao, maana nyumba zetu za mbao hutikiswa hata na mguu wako. Iweke juu ya jiwe la lava au sakafu ya simenti, na tochi karibu. Ukishtuka, mulika. Maji yametulia kwenye mstari? Ni mwili. Yanacheza, na mngurumo wa injini unasikika? Ni lori. Yanacheza na mabati yanalia bila injini? Vaa viatu utoke. Mungu anasikia hata uani. Ila usikimbilie bondeni wala shimoni, mazuku hukaa huko, hewa nzito inayoua bila harufu.

Maji yakiwa yametulia, naketi, miguu chini. Navuta pumzi polepole kwa «siku ya hofu yangu», hesabu nne; naitoa kwa «nitakutumaini Wewe», hesabu sita. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, ndiko kunakopunguza mapigo. Ukivuta kwa nguvu kichwa kitazunguka na vidole vitawasha, utadhani unakufa. Mara kumi na tano hivi hunitosha. Maombi marefu yanangoja asubuhi. Saa nane ya usiku sala yangu huwa inageuka kuwa orodha ya misiba.

Sauti za WhatsApp za «nimetumiwa na mtu wa mlimani» sisikilizi baada ya saa mbili ya usiku. Mfuko uko mlangoni: kadi ya mpiga kura, dawa, maji, franka kidogo. Ukishaufunga usiufungue kila usiku kuhakikisha, hiyo ni hofu imevaa nguo ya hekima.

Ah, chupa yangu ya kwanza ilikuwa ya glasi. Tetemeko la kweli lilipokuja iliviringika ikavunjika, na nikakanyaga vipande nikiwa natafuta tochi. Ndiyo maana nimesema plastiki.