Nilivyoipunguza dozi ya testosteroni hapa Arusha, sauti ikabaki katikati

Ushauri ulionikera kuliko wote ni huu: "Dozi ndogo haishushi sauti." Nimeambiwa hivyo zaidi ya mara moja, tena na watu wanaotumia homoni wenyewe. Inashusha. Dozi ndogo ya testosteroni, homoni ya kiume, huleta yale yale ya dozi kubwa, ila polepole: sauti, ndevu, chunusi, kinembe kukua, hedhi kupungua au kukatika. Huwezi kuagiza hili ukalikataa lile. Uwezo wako uko kwenye mwendo, na kwenye kujua pa kusimama. Ukiacha, misuli na mafuta ya mwili hurudi yalikokuwa na hedhi hurejea, lakini sauti iliyoshuka ndiyo hiyo, na ndevu zilizoota hazitoki zenyewe.

Mimi ni nonbainari, si mwanamume wala si mwanamke, na nilitaka sauti ambayo mtu akiisikia kwenye simu asijue aseme "dada" au "kaka". Kiswahili kinatubeba vizuri, "yeye" ni yeye tu. Ni hayo maneno ya kuitana ndiyo yanayoanza kukupanga.

Natumia jeli ya asilimia 1.62, ya chupa yenye pampu. Mbonyezo mmoja hutoa gramu 1.25 za jeli, yaani miligramu 20.25 za testosteroni. Wanaume wanaotibiwa upungufu huanza na mibonyezo miwili. Daktari aliniandikia mmoja, kila asubuhi, begani na sehemu ya juu ya mkono. Chupa mpya ibonyeze mara tatu na kutupa kinachotoka, la sivyo siku za mwanzo unapaka hewa. Iache ikauke kabla ya kuvaa. Ina spiriti, kwa hiyo kaa mbali na jiko la mkaa au la gesi mpaka ikauke.

Sasa kipimo, maana hapa ndipo nilipokaribia kuharibu kazi yote. Baada ya miezi mitatu nilikwenda maabara kupima testosteroni kwenye damu, nikalipa kama shilingi 30,000 na kitu, majibu yakaja: 38 nmol/L. Hiyo ni juu hata ya wanaume wengi. Nikaambiwa niache dawa siku hiyo hiyo. Nikakaa na ile karatasi nikaitazama na vitu vingine: hedhi yangu ilikuwa inakuja kwa siku zake, chunusi hakuna, hematokriti (asilimia ya damu ambayo ni chembe nyekundu) 41. Mwili wenye testosteroni ya kiasi kile kwa miezi mitatu hauwi mtulivu namna hiyo.

Kosa lilikuwa la mkono. Asubuhi ile nilipaka bega la kushoto, nikaisambaza jeli mpaka karibu na kiwiko, kisha nikatoa damu mkono ule ule. Sindano ikipita kwenye ngozi yenye jeli huchukua dawa ya juu ya ngozi na kuichanganya na damu, na pamba ya spiriti haiondoi yote. Wiki iliyofuata nilipaka upande wa kulia tu kwa siku tatu, siku ya kipimo nikaenda kabla sijapaka, nikatoa damu kushoto. Majibu: 9.1. Kama ningeufuata ule ushauri, ningeacha dozi iliyokuwa sawa kabisa.

Angalia na vizio, kwa sababu maabara hazifanani. 1 nmol/L ni kama 29 ng/dL, na 1 ng/ml ni 100 ng/dL. Nimeona mtu akishtuka na namba iliyopanda kumbe amebadilisha maabara tu.

Sauti niliifuatilia kwa simu: kila Jumapili asubuhi, aya ile ile, chumba kile kile, programu inasoma hezi, yaani kimo cha sauti: namba ikishuka, sauti ni nzito zaidi. Nilianza 205. Usisubiri ufike unapotaka ndipo upunguze, kwa sababu sauti huendelea kushuka kidogo baada ya dozi kushuka. Nilitaka 155, nikapunguza kwenye 168. Imetulia 157.

Kupunguza kwenyewe kuna ujanja wake. Nusu mbonyezo haipo. Pampu ukiibana nusu hutoa kiasi tofauti kila mara. Nilikubaliana na daktari, nikanunua bomba la sindano la mililita 2, sindano yenyewe natoa. Nabonyeza mara moja kamili kwenye kijiko kikavu, navuta jeli yote, nasoma imefika mstari gani, napaka nusu. Iliyobaki natupa hapo hapo, maana spiriti ikiruka jeli huwa nzito na kesho kipimo hakitakuwa kile.

Nyumbani kwetu tuko wengi na watoto wamo, hilo lisichukuliwe kimzaha. Jeli huhamia kwa mtoto kwa kugusana ngozi, na kwa kanga au taulo mnayotumia pamoja, na mtoto anaweza kuanza kubalehe kabla ya wakati. Nanawa mikono kwa sabuni mara moja, navaa mikono mirefu, taulo yangu ni yangu. Juni na Julai baridi ya Arusha inanisaidia, hakuna anayeuliza sweta. Kuoga, subiri saa mbili zipite tangu kupaka.

Hematokriti napima kila miezi mitatu mwaka huu wa kwanza. Ikifika 54 dawa inasimamishwa. Kunywa maji ya kutosha kabla ya kwenda, mwili mkavu huipandisha bure, na huku kwenye mita 1,400 damu yetu tayari iko juu kidogo kuliko ya mtu wa Tanga.

Sikutumia dawa za kuzuia homoni, kwa hiyo ovari zangu bado zinatoa estrojeni na mifupa ina kinga yake. Anayezizuia kisha akakaa muda mrefu kwenye dozi ndogo anaidhoofisha mifupa, na hilo halionekani mpaka limetokea. Na testosteroni si uzazi wa mpango, hata hedhi ikikatika.

Chupa ina mibonyezo 60. Napiga mstari kwa kalamu ubavuni kila asubuhi. Baada ya wa 60 pampu bado hutoa jeli, lakini pungufu.