Friji ya vyungu viwili inapenda hewa ya Moroto

Nauza nyanya na mboga hapa Moroto, kaskazini mashariki mwa Uganda, na kiangazi ndicho kinanitesa. Kuanzia Desemba mpaka Machi upepo ni mkavu, na nyanya iliyosafiri kwa lori kutoka Mbale inashuka ikiwa imeshaanza kulegea. Friji ya stima sina. Nina vyungu viwili, na navipenda kwelikweli.

Chungu kimoja kinaingia ndani ya kingine, ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu kuzunguka. Cha nje kiwe udongo mtupu, kisipakwe rangi. Kama kina tundu chini, lizibe. Tia mchanga wa mtoni chini mpaka midomo ya vyungu ilingane, jaza mchanga pembeni, mwagia maji ulowe wote, kisha funika kwa gunia lililoloweshwa maji. Weka kivulini penye upepo, juu ya matofali, hewa ipite mpaka chini.

Kazi iko kwenye kuulowesha mchanga. Mimi natumia chupa ya plastiki ya maji: natoboa kifuniko kwa sindano iliyopashwa moto, najaza maji, nafunga, halafu naichomeka kichwa chini mchangani. Maji yanadondoka polepole. Yakikimbia kwa kasi, tundu ni kubwa, badilisha kifuniko.

Kila aliyekunywa maji ya mtungi anajua siri yenyewe. Udongo unatoa jasho, jasho linageuka mvuke, na mvuke unaondoka na joto. Si joto dogo: kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunakula joto zaidi ya mara tano ya lile la kuyapasha kutoka nyuzi 0 hadi 100. Mwalimu Mohammed Bah Abba aliisambaza friji hii kaskazini mwa Nigeria miaka ya 1990, na mwaka 2000 akapata Tuzo ya Rolex. Kule nako hewa ni kavu.

Hapo kwenye hewa ndipo watu wanapouziwa uongo, kwamba chungu kinapoza popote. Mdogo wangu wa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, alitengeneza vilevile, hatua kwa hatua, akanipigia: "Dada, mbona hiki chungu chako huku hakipoi?" Hakukosea kitu. Hewa ya karibu na Ziwa Victoria imeshashiba maji, jasho la chungu halina pa kwenda. Kukiwa na nyuzi 32 na unyevu wa hewa asilimia 25, chungu kinaweza kukaribia nyuzi 19. Joto likiwa hilohilo na unyevu ukafika asilimia 80, hakishuki chini ya 28 au 29. Nilimshauri aache vyungu, nyanya azitandaze kwenye chanja ya waya penye upepo, bila kuzirundika.

Kwenye chungu cha ndani weka nyanya, bilinganya, karoti, sukuma. Maziwa na nyama usiviweke kabisa, ubaridi huo hauvitoshi, na mtu anaweza kuugua. Kitunguu nacho kibaki nje, kinataka pakavu.

Halafu angalia ukuta wa chungu cha nje. Maji ya kisima yakiwa na chumvi, utando mweupe unajitokeza na kuziba vitundu vya udongo. Sugua kwa brashi ngumu na maji matupu, bila sabuni.