Tundu la Bambo

Agosti ya mwaka 2009 nilikuwa utingo wa lori la trela lililobeba mahindi kutoka Makambako kwenda Dar es Salaam. Nilikuwa na miaka 21, na nilikuwa na kabiashara kangu ambako dereva hakukajua, au alikajua akanyamaza.

Kabiashara kenyewe kalitokana na bambo. Sokoni Makambako mnunuzi haridhiki na maneno. Anachukua bambo, kile kichuma chenye ncha na mfereji katikati, analichoma ubavuni mwa gunia, punje zinamteremkia kiganjani. Anatazama kama zimebunguliwa, anang'ata moja kuupima ukavu, basi. Tundu analoliacha hulisugua kwa kidole mpaka nyuzi za sandarusi zijirudie. Mimi nililiona jambo hili mara nyingi, nikanunua bambo langu. Kila safari, dereva akiteremka kula Ruaha Mbuyuni, nilipanda nyuma ya trela, nikachoma gunia la kona, nikajaza ndoo ya lita 10 na kwenda kubadilishana na vitunguu. Vitunguu nilivishusha Dar. Hesabu za mwenye mali hazikushtuka, kwa kuwa gunia moja moja hupungua njiani na watu husema ni ukavu.

Usiku ule dereva alikula haraka. Nikamsikia ananiita, nikaruka chini na ndoo yangu, kidole sikupitisha.

Kufika Mikumi ilikuwa kama saa tisa. Wanaoipita barabara ile wanaifahamu: kilomita 50 hivi za lami ndani ya hifadhi, na langoni kuna bango lenye orodha ya wanyama na faini zake kwa dola. Sisi matingo tulilisoma bango lile kama menyu ya hoteli ambayo hatungeweza kuingia. Twiga ni pesa za kuuza lori. Dereva wangu, ambaye kwa miaka yote ya barabara hakuwahi kugonga kikubwa kuliko sungura, alipunguza mwendo pale na kuzima redio. Hiyo ilikuwa adabu yake.

Tulipoteremkia mbuga ya Mkata, kitu cheupe kilitokea pembeni upande wangu, chini chini, kama taulo lililorushwa kutoka majanini. Kikagonga shoo ya gari, ule uso wake wa mbele. Sauti yake ilikuwa ndogo mno, kama mtu amepiga mto.

"Bundi huyo," dereva akasema, na akatema mate dirishani.

Haikupita kilomita moja tairi la trela likapasuka.

Nisingetaka kumcheka mzee yule. Mimi mwenyewe nimelelewa nyumba ambayo bundi akilia paani, bibi anatoka na kijinga cha moto. Lakini alichokifanya dereva katika saa tatu zilizofuata kilizidi: kila nati iliyogoma alimtaja bundi. Spana ikateleza, bundi. Jeki ikazama kwenye udongo laini wa pembeni, bundi. Tulikuwa tumekata matawi na kuyatandaza barabarani mbele na nyuma ya gari, na mimi ndiye niliyetumwa kuyakata, nikitazama kila kichaka kwa macho ya mtu anayejua simba anaishi wapi.

Kulipoanza kupambazuka likaja gari dogo la wazi nyuma, linatambaa. Linakwenda mita mia, linasimama. Mtu anashuka, anainama, anaandika, anapanda. Tukadhani wanatutafuta sisi, maana kusimama mle ndani hovyo hakuruhusiwi. Waliposogea tukaona askari wa hifadhi mwenye bunduki na dada mmoja mwenye daftari, glovu mikononi na mfuko wa nailoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba binti. Tairi tu, tunaondoka sasa hivi."

Hakuwa na shida na tairi. Alikuwa mwanafunzi wa SUA, kile chuo cha kilimo cha Morogoro ambako wanafundisha panyabuku kunusa mabomu ya ardhini, na kazi yake ilikuwa kuhesabu waliokufa barabarani. Aliianza kabla ya jua, alisema, kwa sababu jua likichomoza tai na kunguru hufagia, na fisi huwa ameshapita. Ukichelewa unakuta barabara safi na kuandika kwamba hakuna aliyekufa. Askari alikuwa anaiburuta mizoga hadi mbali na lami, kwenye majani. Nikamuuliza ya nini, si watakuja kuliwa tu? Akanijibu kama anamfundisha mtoto: anayekuja kula mzoga juu ya lami naye hugongwa, kisha anakuja wa kumla yeye.

Siku ile daftarini mlikuwa na sungura wawili, kanu mmoja, nyoka aliyegandamana na lami mpaka alibanduliwa kwa kisu kama chapati iliyoungua. Na bundi. Alimtoa kwenye mfuko akamlaza juu ya ubao wa nyuma wa gari lao.

Dereva akarudi hatua mbili. "Huyo ndiye aliyetupasulia tairi."

"Baba," dada akasema, "aliyepasuliwa ni yeye."

Askari alicheka peke yake.

Sijawahi kumwona bundi karibu vile. Uso mweupe wenye umbo la moyo, mgongo rangi ya mchanga uliomwagiwa majivu. Aliponiona natazama, dada akanipa unyoya wa bawa niupitishe karibu na sikio. Sikusikia kitu. Ukingo wake una meno madogo kama ya kitana, ndiyo yanayoukata upepo asisikike. Kisha akapuliza manyoya ya pembeni ya uso, likajitokeza tundu la sikio. Akamgeuza upande wa pili. Matundu hayakulingana, la kushoto lilikaa juu kuliko la kulia. Akanieleza kuwa ndivyo anavyopima gizani: sauti ya panya inafika kwa sikio hili tofauti na lile, naye anajua si tu upande, hata umbali wa kwenda chini. Akishampata anashuka na kuambaa, kimo kilekile cha shoo ya lori.

"Sasa alikuwa anamfuata nani barabarani?" niliuliza. Swali hilo lilinitoka kinywani mwenyewe, na nimelijutia mara nyingi.

Akachukua wembe.

Bundi hatafuni. Humeza panya mzima, baadaye hutapika donge la mifupa na manyoya. Kwa hiyo panya tuliyemkuta ndani yake alikuwa bado panya, ameloa tu, mkia umejikunja. Panya wa shamba, dada akasema. Akamlaza kwenye kipande cha karatasi, akampasua naye. Kitumbo chake kilikuwa kidogo kama ncha ya kidole changu, kimejaa. Alipokitumbua kikatoka kitu cheupe kama uji mzito, na ndani ya uji ule kulikuwa na vipande vya ganda la njano, vyembamba, visivyosagika. Mtu aliyelala juu ya magunia ya mahindi tangu ana miaka 17 haulizi kile ni nini.

Dada aliviweka vipande vile kwenye kichupa chenye spiriti. Akaandika. Kisha akasema, bila kumtazama yeyote, "Humu ndani hakuna anayelima."

Akatembea polepole kuelekea nyuma ya trela letu. Nikamfuata kwa sababu sikujua kufanya jingine. Pale chini ya kona, ambapo lori lilikuwa limesimama kwa saa tatu, palikuwa na kichuguu cha mahindi kinachofika nusu ya buti lake. Juu, kutoka gunia la mwisho, punje zilikuwa bado zinadondoka: moja, kimya, mbili pamoja, kimya. Pembeni ya kichuguu mchanga ulikuwa umechorwa vinyayo vidogo kama vya ndege. Tulipokaribia, panya akatoka mbio akaingia majanini.

Si kwamba yale yaliyokuwa tumboni mwa panya yule yalitoka kwangu usiku ule. Lori letu lilikuwa bado nyuma alipoyala. Lakini tulipita pale kila wiki, na kila wiki nilikuwa na haraka au sikuwa nayo. Na malori mengine yalikuwa na mabambo yao. Yangeweza kuwa yangu ya wiki iliyopita. Nilipiga hesabu hiyo nimesimama, na kila nilivyoipiga nilibaki nimo.

Dada alilitazama lile tundu, safi, la mviringo. Panya akitoboa gunia huacha nyuzi zimechanwachanwa. Alikuwa mtu wa panya, lazima alijua. Akanitazama mimi. Akapiga picha ya kichuguu, akasoma namba kwenye kile kidude chake cha setilaiti, akasema, "Kaka, yazoe yote. Hata moja isibaki." Akarudi kwenye gari lao.

Askari alibaki kunisimamia. Nilipiga magoti nikazoa kwa mikono, mahindi na mchanga wake, nikayatia kwenye ndoo yangu, ileile. Ikajaa. Nilipodhani nimemaliza alinielekeza kwa ncha ya kiatu punje zilizoingia kwenye nyufa za lami, nikazichokoa kwa kijiti. Nyani walikuwa wamekaa ng'ambo ya barabara wakisubiri, kama watu wanaosubiri daladala.

Walipoondoka nikapanda juu ya trela na shazia na kamba ya mkonge. Sandarusi ni ngumu kushona. Sindano inateleza, kisha inapenya ghafla na kukuchoma kiganja. Nilishona msalaba, nikarudia, nikafunga fundo. Dereva alikuwa ameshawasha gari, anasubiri upepo wa breki ujae.

"Unafanya nini huko juu muda wote huo?"

"Nashona gunia, mzee. Linavuja."

"Limetobolewa na nini?"

"Bambo," nikasema.

Akanyamaza kidogo. "Hao wanunuzi wa Makambako," akasema, "hawana adabu kabisa," akatia gia.