Nusu maabara, nusu mahakama: kusomea afya ya mazingira Uingereza

Nikisema nasomea usimamizi wa afya ya mazingira, mmoja ataniuliza kama nitakuwa napanda miti, na mwingine ataanza kunieleza mgongo unavyomsumbua. Wazee ndio wanaodaka haraka: "Aa, kumbe bwana afya!" Ndiyo, ni huyo huyo anayeingia jikoni kwa watu bila hodi, anafunua masufuria na kuuliza maji machafu yanaelekea wapi. Kwa kuwa wadogo zetu wengi wananiuliza kuhusu kozi hii, na wengi wao wanaifikiria kuwa ni biolojia iliyochangamka kidogo, ngoja niwaeleze ilivyo.

Biolojia ipo, tena nyingi. Kuna mikrobiolojia, epidemiolojia (yaani jinsi magonjwa yanavyosambaa katika jamii), takwimu, halafu maji, chakula, makazi, hewa, kelele, usalama kazini, taka, panya na mende. Kinachowashtua wageni ni sheria. Unaweza kupima bakteria vizuri kuliko darasa zima ukafeli kwa sababu ripoti yako haisemi ni kifungu gani kimevunjwa, nani anawajibika na una mamlaka gani ya kumlazimisha arekebishe. Afisa wa afya ya mazingira ni mtu ambaye kesho anaweza kusimama mbele ya hakimu akaulizwa: kipimajoto chako kilihakikiwa lini? Ukijikuna kichwa, kesi imekufa.

Ndiyo maana kila mwalimu huanzia kwa John Snow, daktari wa London. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 600 katika mitaa michache ya Soho, London. Wakati huo wakubwa waliamini ugonjwa unaletwa na hewa inayonuka. Snow akafuatilia vifo nyumba kwa nyumba, na vikawa vimeizunguka pampu ya maji ya Broad Street. Ushahidi mzuri zaidi ulitoka kwa watu ambao hawakuugua: wafanyakazi wa kiwanda cha bia jirani na pampu walikuwa wanakunywa bia na maji ya kisima chao wenyewe. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukang'olewa. Hadithi nyingi huishia hapo kwa shangwe. Darasani tunaambiwa na sehemu isiyopendeza: wakati huo maambukizi yalikuwa yameshaanza kushuka, na watu wengi walikuwa wamekimbia mtaa. Tena mwaka uliofuata kamati ya serikali iliikataa hoja yake ya maji.

Mimi naipenda zaidi sehemu inayofuata. Kiangazi cha 1858 mto Thames ulinuka hadi wabunge wakashindwa kukaa ukumbini. Harufu ikafanya kilichomshinda Snow na takwimu zake: fedha zikatoka, mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa ya majitaka. Walijenga ili kuondoa harufu, wakaondoa kipindupindu. Mlipuko wa mwisho wa London, mwaka 1866, ulipiga mashariki mwa jiji, upande ambao mfumo ulikuwa bado haujakamilika. Anayetaka kuitetea fani hii mbele ya mtu wa fedha aanze na mfano huo, maana wenye bajeti mara nyingi husikia kwa pua.

Hewa nayo ina kisa chake. Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe uliifunika London kwa siku tano. Hesabu za mwanzo zilitaja vifo 4,000, na wachambuzi wa baadaye wakafika hadi 12,000 hivi. Vifo viliendelea hata baada ya moshi kutawanyika, na wizara husika ikasema ni mafua. Sheria ya Hewa Safi ikaja mwaka 1956. Kila ukisoma historia ya taaluma hii utakuta ngoma ni ile ile: kwanza analaumiwa mgonjwa, au mafua, au tabia za watu. Chanzo chenyewe hufikiwa mwisho, tena pale mtu anapokuja na vipimo mkononi na sheria mfukoni.

Somo lililoniingia kuliko yote ni makazi. Chini ya Sheria ya Nyumba ya 2004, halmashauri hupima nyumba kwa hatari 29, na ya kwanza kwenye orodha ni unyevu na ukungu wa ukutani. Hatari ikifikia daraja la kwanza, halmashauri inawajibika kuchukua hatua. Ikiwa ya daraja la pili, ina uwezo wa kuchukua hatua lakini hailazimiki. Tofauti hiyo ya kuwajibika na kuweza ndiyo inayoamua kama familia itasaidika mwezi huu au itaendelea kukohoa.

Katika mafunzo kwa vitendo niliongozana na afisa mmoja mzoefu kwenda kwenye nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba alikuwa ameshaandika barua kwamba tatizo ni wapangaji: wanaanika nguo ndani, hawafungui madirisha. Yule afisa, mama wa halmashauri, hakubishana naye. Aliingia bafuni, akachana kipande cha karatasi ya chooni, akawasha feni ya kutolea hewa na kukibandika kwenye matundu yake. Kikaanguka. Feni ilikuwa inapiga kelele tu, haivuti chochote. Chumbani akasogeza kitanda kutoka ukuta wa nje. Nyuma yake palikuwa peusi kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, na pembeni pameanza kupanda. Akapima joto la ukuta, akapima unyevu wa hewa, akapiga picha akiwa ameweka rula pembeni, akaandika saa. Kisha akaketi na mpangaji, akamwuliza taratibu kupasha joto nyumba kunamgharimu kiasi gani kwa wiki.

Swali hilo lilikuwa kipimo pia. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi. Ikigusa ukuta wa baridi, mvuke unageuka maji, na ukungu haudai zaidi ya hapo. Kama ukuta hauna kinga ya baridi, feni ni mbovu na kupasha joto ni ghali, basi kumwambia mpangaji afungue dirisha wakati wa baridi ni sawa na kumwambia achome pesa. Ripoti ilitaja feni, ukuta na mfumo wa joto. Nguo za kuanika zilipata sentensi moja.

Hapa huwezi kusomea makazi bila kukutana na jina la Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili aliyefariki Rochdale Desemba 2020, wazazi wake wakiwa wametoka Sudan. Baba yake aliripoti ukungu mwaka 2017, akaambiwa aupake rangi juu. Mwaka 2022 afisa uchunguzi wa vifo alitamka kwamba ukungu wa nyumba ile ndio uliosababisha kifo. Sasa kuna sheria yenye jina lake, iliyoanza kutumika Oktoba 2025 kwa nyumba za jamii nchini England, yaani zile zinazopangishwa na halmashauri au mashirika ya makazi kwa kodi nafuu: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, na unyevu au ukungu mkubwa uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Sisi wahamiaji tukae na habari hii, kwa sababu ile lugha ya "ni namna mnavyoishi" ndiyo tunayoambiwa sana.

Na jingine la kuwafaa hata wasiosoma kozi hii. Nchini England nyumba yenye watu watano au zaidi wasio wa kaya moja, wanaotumia jiko au choo kimoja, inatakiwa kuwa na leseni ya halmashauri. Katika nyumba ya namna hiyo, chumba cha kulala mtu mzima mmoja hakiruhusiwi kuwa chini ya mita za mraba 6.51. Tangu nijifunze hivyo nimekuwa mgeni msumbufu: nikikaribishwa kwa mtu, macho yanapima chumba kabla sijasalimia watoto.

Chakula ni somo kubwa, ila halina mafumbo. Sheria inataka cha baridi kisizidi nyuzi 8, cha moto kisishuke chini ya 63, na muda ambao chakula kinakaa kati ya nyuzi hizo uhesabiwe. Alama ya usafi unayoiona mlangoni mwa mgahawa huanzia 0 hadi 5. Wales wanalazimika kuibandika, England ni hiari, kwa hiyo ukiona mlango mtupu England, itafute alama yake mtandaoni kabla hujaagiza.

Kwa wanaotaka kuja: hakikisheni kozi imeidhinishwa na CIEH, chama cha kitaaluma cha fani hii, maana shahada yenye jina linalofanana lakini bila idhini hiyo itakuacha nje ya usajili wa maafisa wa afya ya mazingira. Hata ukiwa nayo, usajili unadai jalada la kazi ulizofanya kwa vitendo, kwa hiyo ulizeni chuo kinawasaidiaje wanafunzi kupata nafasi halmashauri. Wengine huambiwa wajitafutie, na mgeni asiyejua mtu atahangaika. Viza ya mwanafunzi wa shahada inaruhusu kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula, hivyo msipange bajeti kwa kutegemea vibarua. Na jifunzeni kuendesha gari mapema. Nafasi nyingi za halmashauri zinataka leseni, kwa sababu nyumba mbovu na visima vya mashambani havipo karibu na kituo cha basi.