Udongo wa boma la babu

Shamba letu la pamba hapa Mkalama ni ekari 4. Upande wa mashariki babu alikuwa na boma la ng'ombe, likahamishwa kabla sijazaliwa. Ukisimama barabarani unaona shamba moja tu.

Misimu miwili iliyopita nilichukua udongo wa kupima. Nilipita nikikata kona kama nilivyoelekezwa, nikachimba mashimo 15 ya sentimita 20, nikachanganya yote kwenye ndoo, nikaanika kivulini, nikapeleka nusu kilo maabara. Majibu: potasiamu inatosha, naitrojeni haba. Nikanunua urea peke yake.

Februari, vitumba vikijaa, upande wa udongo wa kichanga, nje ya boma, ulinitia uchungu. Majani ya chini yaliungua kuanzia ukingoni, kati ya mishipa pakaingia rangi ya kutu. Nilidhani urea haijatosha, nikataka kuongeza. Bibi shamba wetu akanizuia.

"Kaka, ingekuwa naitrojeni, jani la chini lingepauka lote. Hili limeungua pembeni. Tupime majani."

Akanionyesha. Unaanzia kileleni, kwenye jani la kwanza lililokunjuka, unahesabu ukishuka kwenye shina kuu hadi la nne, hilo ndilo unachuma. La juu bado changa, la chini limeshazeeka. Tulichuma kwenye mimea 30 ya kichangani na 30 ya bomani, kila upande na bahasha yake ya karatasi, kwa sababu kwenye plastiki majani huoza njiani. Wakati wake hasa ni maua yanapoanza. Tulikuwa tumechelewa, lakini pande zote mbili zilichumwa siku moja, kwa hiyo tuliweza kuzilinganisha.

Bomani potasiamu ilikuwa asilimia 2.3, kichangani 0.8. Pamba inayoanza maua hutakiwa kuwa na kati ya 1.5 na 3 kwenye jani.

Nikarudi shambani kuhesabu mashimo yangu. Manne yalikuwa ndani ya boma la zamani! Samadi ya miaka na miaka, kutoka mashimo 4, ilikuwa imepandisha kipimo cha shamba zima. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, potasiamu hakuna hata chembe. Kichanga kikabaki na njaa yake. Bomani naitrojeni ikazidi: pamba ilinifika kifuani, majani yamekolea kijani, vitumba vichache na vikachelewa kupasuka.

Nilipomweleza Mama, alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, si ungeniuliza? Hata uwele wa babu yako ulikuwa unastawi pale pale tu."

Sasa nina ndoo mbili, moja ya kichanga na moja ya boma, na kwenye vichuguu na chini ya miti sichimbi kabisa. Mpaka wa boma nimeuwekea mawe. Mama alitangulia na fimbo yake, akasimama palipokuwa na mlango, akaniambia nianzie hapo.