Mto Pangani ukutani: tulivyopamba maktaba ya shule kwa chokaa na bluu ya kufulia

Mgeni akiingia kwenye maktaba yetu, anauona mto kwanza. Unateremka kutoka kona ya nyuma, chini ya Kilimanjaro yenye theluji, unazunguka kuta tatu na kumwagika baharini pale mlangoni. Wengi huuliza tumempata wapi mfadhili. Hatukuwa na mfadhili. Ile buluu ni bluu ya kufulia mashati meupe, inayouzwa kila duka la mtaani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Pangani. Chumba tulichopewa kilikuwa stoo kwenye jengo la zamani, lile la mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene mkono mzima. Vitabu vilikuwepo, vingine bado kwenye maboksi. Tabu ilikuwa ukuta. Unyevu ulipanda kutoka chini hadi usawa wa paja, na pale kona ya nyuma, ambako maji ya paa yanamwagika, ulifika kifuani. Ukiegemea unaondoka na unga mweupe mgongoni.

Fundi mmoja akaiambia kamati kwamba dawa yake ni rangi ya mafuta, eti inaziba. Nilisema wazi kwamba sikubaliani, lakini fundi ni fundi, akasikilizwa yeye. Sehemu kubwa ya pesa za wazazi ikaishia kwenye makopo yale. Ukuta ulikaa unang'aa mpaka masika. Mvua zilipokolea yakaota malengelenge, madogo kwanza, halafu makubwa kama maandazi. Watoto wakawa wanayabonyeza kwa vidole, maji yanatoka, na rangi inabanduka kwa mapande na kuangukia vitabu. Lile boksi la vitabu vya darasa la tatu lililokuwa chini ya kona tulilianika juani uwanjani, kurasa zimegandana. Iliniuma sana, kwa sababu vitabu vile tulivisubiri muda mrefu.

Aliyetuokoa ni babu mmoja wa mtaa wa jirani aliyejenga nyumba za chokaa tangu ujana wake. Nilimwamkia, nikamwomba aje aone. Akapapasa ukuta kwa kiganja, akanusa vidole.

"Mwalimu, ukuta huu unapumua. Nyie mmeuziba pua."

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Maji yanapanda ndani ya jiwe na lazima yatoke. Chokaa inayaacha yapite yakauke, mafuta yanayafungia nyuma, nayo yanasukuma mpaka rangi ibanduke. Basi tukakwangua yote. Kazi hiyo nisiizungumzie, mikono yangu inaikumbuka.

Mfuko wa chokaa ni bei ndogo sana ukilinganisha na kopo la rangi. Babu alituonyesha kuichanganya na maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa, kisha akatia chumvi ya kupikia ili ishike na isiachie unga kwenye nguo. Ukuta unalowanishwa kwanza. Ukipaka juu ya ukuta mkavu, maji yananyonywa upesi na chokaa inabaki vumbi. Inapakwa nyembamba, mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wanafunzi msiwaruhusu kukoroga, chokaa inaunguza macho na ngozi. Sisi walimu ndio tuliokoroga, tena kwa fimbo ndefu.

Hata hivyo alama ya unyevu haikufutika yote. Ulibaki mstari wa mawimbi, juu kule kona ya nyuma, ukishuka taratibu hadi karibu na sakafu mlangoni. Niliutazama ule mstari jioni nzima. Ulikuwa unateremka kama mto, na mto wetu upo! Nikachukua chaki nikaufuata.

Bluu ya kufulia niliifunga kwenye kitambaa, nikaikamua ndani ya maji ya moto kidogo, nikaichuja, ndipo nikaimimina kwenye chokaa. Hapa muwe na subira. Ikiwa mbichi ni buluu nzito ya kutisha, ikikauka inapauka na kuwa rangi ya anga. Jaribuni kwenye jiwe, mliache likauke hadi kesho, ndipo mwamue kipimo. Kahawia ya kingo tuliipata kwa udongo mwekundu uliochekechwa kwa kitambaa. Kuna mtu alitushauri tusage majani kupata kijani. Chokaa iliila rangi hiyo, ikabaki uchafu wa manjano. Kijani tukaacha kabisa.

Mto ulipokamilika ukatupangia na vitabu. Pale mito ya Kikuletwa na Ruvu inapokutana, kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, tumeweka jiografia. Hale, penye mitambo ya umeme, ni sayansi. Vitabu vya historia viko Kikogwe, humu humu wilayani kwetu, ambako Mjerumani Richard Hindorf alipanda katani ya kwanza nchini mwaka 1893. Hadithi ziko baharini, karibu na mlango, maana ndizo zinazoazimwa zaidi. Sasa mtoto wa darasa la pili anakwambia, "Mwalimu, kitabu changu kiko Hale," na anakwenda moja kwa moja.

Katani yenyewe tumeitumia. Kamba zake zimetandazwa madirishani, na juu yake tumetundika kanga kuukuu walizotoa akina mama. Niliomba zile ambazo jina lake, yaani yale maneno yaliyoandikwa, bado linasomeka. Nyingine zilikuwa na majina ya mafumbo ya uke wenza, hizo nilizikunja nikazirudisha kwa heshima. Zilizochanika mji, ile sehemu ya katikati, tulikata jina tu, tukalibandika ukingoni mwa rafu. Binti mmoja ambaye darasani alikuwa hafungui mdomo, nilimkuta kidole kikifuata herufi moja moja: "We-ma ha-u-o-zi." Alipomaliza akahamia rafu ya pili mwenyewe, bila kuambiwa.

Mikeka ya ukili ilitoka majumbani. Kwa jumla, tukiacha zile pesa zilizopotelea kwenye rangi ya mafuta, tumetumia kama laki moja na nusu, nauli za bodaboda zikiwemo. Najivunia chumba kile, na nasema kwa sauti: kama jengo lenu ni la mawe na chokaa, tafuteni mzee aliyelijua kabla ya kumsikiliza muuza makopo.

Tunarudia mkono mmoja kila mwaka kabla ya masika. Chokaa iliyobaki imo kwenye ndoo, maji yamesimama juu yake ili isigande, na darasa la sita wameshaomba tuchore viboko mtoni pale juu ya Korogwe.